Kufuli kwenye Chumba cha Ngoma

Mwalimu Nilsa alikuta kufuli mlangoni pa chumba cha ngoma, hasira zikampanda hadi utosini. Nani kathubutu?

"Mimi ndiye niliyemwambia mkuu wa shule afunge," alisema Bi Bernarda, kajikalia kizingitini kama mwenye nyumba. Kando yake alisimama mjukuu wake, Yurleidy, ambaye hakuwa ametamka neno tangu mto ulipomchukua mdogo wake.

Shule nzima ilikuwa imemshindwa binti huyo. Wengine walimwita mkaidi, eti! Nilsa alimpa kununo, ngoma ya kupigwa kwa viganja, kila asubuhi kabla ya masomo, wala hakumwuliza kitu. Kidogo kidogo mtoto akaanza kula, akashika kalamu tena, na jana, ngoma ikiwa mapajani, akalia. Nilsa alirudi nyumbani akishukuru. Leo anakuta kufuli!

"Umemliza!" Bi Bernarda alifoka. "Mtoto mdogo akifa ni malaika. Tulimfanyia chigualo, tukaimba na kucheza mpaka kukapambazuka, hakuna aliyedondosha chozi. Machozi yanalowesha mabawa, asifike mbinguni. Na wewe ni wa hapa hapa Guapi, unajua!"

"Najua! Chigualo nimeimba tangu sijaota meno. Lakini bibi yangu, mnahangaika marehemu asilowe, huku aliye hai mnamzamisha! Ngoma ndiyo iliyomfungua moyo, nanyi mnaifungia? Mna akili kweli?"

"Shika adabu yako, we binti!"

"Adabu nitaishika, ila kufuli hili nalivunja!"

Akaokota jiwe, akaligonga kufuli kwa nguvu zote. Liligoma. Alipoinua mkono tena, Yurleidy akamdaka. Nilsa akadhani anamzuia. Kumbe mtoto alikuwa amemgeukia bibi yake.

"Bibi." Sauti ilikuwa imekauka, yakwaruza. "Nimechoka kumwimbia. Nataka kumlilia."

Bi Bernarda aliinua kidole amkaripie, akakishusha. Alimtazama mjukuu wake, kisha akajivuta kando, akaacha njia.

"Vunja," alimwambia Nilsa. "Vunja upesi, mama, nami mtoto wangu mwenyewe nilimwimbia bila kumlilia, nimembana kifuani muda mrefu mno."

Na kabla jiwe halijashuka, kilio kilikuwa kimeshamtoka Bi Bernarda.