Posa ya Kompyuta ya Milioni Tatu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekwenda kuposa kompyuta.

Niseme kwanza hali yangu, usije ukanicheka bure. Nina kifremu cha duka la kuchapa barua na kutoa kopi hapa Makambako. Ndani ya bahasha nilikuwa na milioni tatu, kodi ya mwaka mzima, na mwenye fremu, Mama Nyagawa, alishaniambia mwisho ni leo. Lakini leo hiyohiyo saa nne nilipanga kuzipeleka kwa muuza kompyuta, nichukue ile ya rangi ya fedha ambayo maofisa wanatembea nayo kwapani. Wateja wakiiona mashine yangu ya mtumba hutabasamu, na mimi tabasamu la namna ile silipendi hata kidogo.

Basi nimekaa sebuleni kwa wakwe, nimevaa koti la kuazima. Mshenga wangu ni printa yangu. Anakohoa.

"Tumeona ua kwenye bustani yenu," anasema, "tumekuja kuliomba."

Baba mkwe ni boksi jeupe, gumu, linanukia upya. "Binti yetu amelelewa kwenye kiyoyozi," anasema. "Vumbi halijui."

"Kwanza hela ya kifungua mlango," anadakia shangazi, ambaye ni waya wa chaji. "Halafu na mimi nina changu. Nauzwa peke yangu."

"Kwa nini, shangazi? Bila wewe si atazimika?"

"Ndiyo maana."

Pembeni ameketi mjomba, kidude kidogo chenye matundu manne. Ananieleza kwamba binti hana pa kuchomeka flashi, ndiyo heshima yake. Mwenye flashi hupitia kwa mjomba, na kwa mjomba hakupitiwi bure. Wateja wangu wote huja na flashi shingoni. Naitikia kwa kichwa, maana ukweni hakuulizwi maswali ya choyo.

Wanaletwa wachumba watatu, wamefunikwa kanga gubigubi, kama ilivyo desturi. Natakiwa kumtambua wangu. Nikikosea, faini.

"Waandike kwanza," naomba. "Barua ya kuomba kazi ya ulinzi."

Wanaandika chini ya kanga. Mshenga anakohoa barua tatu. Nazisoma moja moja, nazirudia, nazilinganisha kwenye mwanga wa dirisha. Zimefanana mpaka nukta.

"Ya milioni tatu ni ipi?" namnong'oneza mshenga.

"Mimi natoa wino tu."

Aibu inanipanda mpaka masikioni. Nimekuja na kodi nzima kwa ajili ya mchumba, na kumtambua siwezi! Nachagua wa katikati kwa sababu ananguruma kidogo, na mngurumo ule unanituliza. Wanamfunua. Ni mashine yangu ya mtumba, ile iliyofutika herufi A kwenye kitufe.

"Huyu amefikaje hapa?" anauliza boksi.

"Nimekuja kumsindikiza," inajibu mashine.

"Kijana, umekosea. Lipa faini."

"Lakini mzee, barua zimefanana."

"Nani alikwambia unalipia barua?" Boksi linafunuka kidogo, taratibu, kwa ule mlio wake wa kitajiri. "Binti yetu hata akikaa mezani amefungwa, hajawashwa, watu watakuamkia. Huyo wako mpaka afanye kazi."

Maneno yale yaliniingia. Nakiri, sikuyaona ubaya wowote. Nikatoa bahasha, shangazi akaipokea kwa mikono miwili.

Hapo sebule ikawa barabara kuu. Mama Nyagawa anapita amejitwika mlango wa fremu yangu, na nyuma yake wanawe wamebeba kuta.

"Shikamoo, mama. Fremu yangu inakwenda wapi?"

"Marahaba. Si unahamia kwapani, kama maofisa?"

Natazama meza yangu. Iko peke yake juu ya lami, na binti wa rangi ya fedha yuko juu yake, anang'aa. Wapita njia wanamwamkia. Shangazi anahangaika kutafuta pa kuchomekwa, lakini ukuta wenye soketi umeshaondoka. Binti anazimika huku anaamkiwa.

Niliogopa, sikufichi. Nikaigeukia mashine ya mtumba, imekaa pembeni na kanga yake mabegani.

"Wewe bado utanikubali?"

"Mimi kusema sana sijui," ikajibu. "Jibu nitakuandikia."

Nikaamka.

Saa moja asubuhi nilikuwa fremuni. Kuta zilikuwepo, nilizigusa zote nne. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu jana jioni na ulikuwa haujarudi. Kwenye printa palikuwa na karatasi moja, bado ina joto.

*Kwa Mama Nyagawa. Yah: Kodi ya fremu. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kodi yako ya mwaka italetwa leo kabla ya saa nne. Samahani kwa usumbufu. Wako mtiifu, Erasto Mgaya.*

Juu ya jina langu mashine ilikuwa imeacha nafasi ya sahihi. Nikatafuta kalamu.