Picha Haina Kizungu

"Mama Gervas, mimi siyo mtoto! Hii hapa picha, mwanamke ana tumbo, kapigwa mstari. Tumbo likipigwa mstari maana yake nini?"

"Maana yake rudisha boksi la watu!"

"Sirudishi! Ni vidonge vya majira hivi. Na mwanao hana mke. Sasa anamnywesha binti wa nani?"

Severina alisimama upande wake wa ua wa minyaa, boksi kaliinua juu ili hata wapita njia walione. Upande wa pili Luciana, mama yake Gervas, alikuwa ameshika kiuno kwa mkono mmoja na mwiko kwa mkono wa pili. Walikuwa majirani hapo Unyambwa tangu watoto wao wakiwa wanatambaa, na kugombana kwao watu walikuzoea. Ila la leo lilikuwa tamu kuliko yote.

Asubuhi Severina alikwenda kwa Luciana kuazima chekeche, akakuta boksi juu ya kabati, mkono ukaenda wenyewe. Maandishi yote Kizungu, lakini picha haina Kizungu. Alilipeleka kwanza kwa mkwewe Jenipher, mke wa mwanawe Noel, maana yeye kliniki anakwenda na mtoto na dawa anazijua. "Hivi si vya majira hivi?" Jenipher akaangalia picha, akajibu haraka, "Ndivyo, mama." Severina hakuhitaji shahidi mwingine. Aliacha vidonge mezani, akashika boksi, huyo uani.

"Ni dawa ya chunusi," Luciana alisema.

"Chunusi zina mimba?"

Luciana mwenyewe karibu acheke. Hapo ndipo Gervas alipoingia kutoka kwenye mashine ya alizeti, kofia pana kichwani, midomo inang'aa mafuta ya mgando.

"Shikamoo, Mama Noel."

"Marahaba. Haya, mwenyewe huyu. Vua kofia tukuulize."

Akavua. Uso wake ulikuwa na makovu, lakini yale majipu yaliyokuwa yakitoa usaha mashavuni, yaliyomfanya aache kuimba kwaya, yalikuwa yamenywea. Severina aliliona hilo, akajifanya hakuliona.

"Dawa ni yangu, mama. Ya chunusi kweli," Gervas alisema. "Daktari wa ngozi alinipima damu kwanza, ini na mafuta, na kila mara narudi kupimwa. Jua linaniunguza, ndiyo maana ya kofia. Midomo inakauka."

"Mimi nikasema ni gongo," Severina alinong'ona.

"Pombe kaniambia niache. Hata damu nimekatazwa kutoa mpaka nimalize dozi na mwezi upite, isije ikamfikia mjamzito."

Severina akashusha mkono wenye boksi. Siku ile ya kuchangia damu, Gervas alipokataa, yeye ndiye aliyeeleza bomba zima la maji kwamba kijana ana lake analoficha.

"Sasa mjamzito kaingiaje kwenye chunusi?"

"Ndiyo hiyo picha. Haisemi inazuia mimba. Inasema mwenye mimba asiiguse. Inaharibu mtoto tumboni, mama, kichwa, moyo. Hata mwenye kunyonyesha hapewi. Niliambiwa nisimgawie mtu hata kimoja." Akanyoosha mkono juu ya minyaa, akachukua boksi, akalifungua. Tupu. "Vidonge viko wapi?"

Severina alitazama nyumba yake. Jenipher. Lile jibu la haraka. Na mtoto ananyonya, na Noel alikuja nyumbani likizo wiki mbili zilizopita.

Hakueleza kitu. Aligeuka, ndala moja ikabaki chini ya minyaa, akakimbia kama msichana, Luciana na Gervas wakapenya minyaa kumfuata. Mlangoni alimwona Jenipher mezani, kikombe cha maji mbele yake, mashavu yamejaa.

"Tema!"

Jenipher akatema.

"Ni kiazi, mama," alisema, machozi ya kupaliwa yakimtoka. "Kuna nini?"

Gervas akanyakua karatasi ya vidonge. Severina akachungulia, akapiga yowe. "Viwili havipo! Mbona viwili havipo!"

"Hivyo nilivinywa mimi, jana na juzi," Gervas alisema.

Severina akaketi sakafuni, pale pale. Luciana akaanza kucheka, akajizuia kwa kanga, ikashindikana.

Walipomweleza Jenipher, alikisukuma kikombe kando. "Nilikuwa namalizia kiazi ndipo nimeze," alisema taratibu. "Mama uliposema ni vya majira, nikasema Mungu kanisikia. Huyu bado mdogo. Nataka kupumzika kwanza."

Severina alikuwa ametangaza kwa kila mtu kwamba mjukuu wa pili yuko njiani.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekuambia, mama, bombani wangejua kabla sijamaliza sentensi."

Luciana safari hii hakujizuia. Severina akainuka kutoka sakafuni.

"Jumatatu nakupeleka kwa nesi," alisema, akijikung'uta vumbi. "Ukaeleze yote, upimwe, upewe vinavyokufaa wewe. Mtoto nitambeba mimi. Na Noel nitaongea naye."

"Na bombani?" Luciana akauliza.

"Bombani nitachota maji."

"Hilo tutaliona."

Severina akamgeukia Gervas. "Baba, nisamehe. Nusura niue mtu kwa ushahidi wangu wa picha."

"Yameisha, mama. Mimi nitanunua sanduku la kufuli." Akatikisa ile karatasi. "Ila cha leo sijakinywa, na hakinywewi tumbo tupu. Lazima chakula chenye mafuta, la sivyo dawa haiingii mwilini vizuri."

Severina aliinamisha uso, akaanza kutafuta ndala yake kwa macho, kama mtu anayeaga ndani ya nyumba yake mwenyewe. Luciana akamshika mkono.

"Unakwenda wapi na mguu mmoja? Nimechinja jogoo, mchuzi unaelea mafuta ya alizeti, na mimi na Gervas hatummalizi. Jenipher, beba mtoto. Mama Noel, twende nyumbani. Njooni mle, ugali unapoa."