Faili Moja la Ralitsa

Wiki ya Pasaka, ukurasa wa oda za kozunaki, mikate yetu mitamu, kwenye tovuti yetu ulikataa kufunguka. Bila oda, tanuri letu lingelala baridi. Mjukuu wangu Ralitsa alikuwa amebadilisha nywila ya hifadhidata.

“Mbona ukurasa wa bei unafunguka?” nilimuuliza.

“Kila ukurasa una nakala yake ya nywila, Bibi. Huu wa oda nimesahau kuubadilishia. Sasa naiweka kwenye faili moja, kurasa zote zichukue humo.”

“Na faili hilo likiharibika?”

“Zitagoma zote.”

“Hiyo ndiyo akili ya chuo kikuu?”

Alicheka, akanibusu. “Lakini nitarekebisha mahali pamoja tu.”

Bado sikuelewa. Mara oda ikaingia. Jirani yetu Stoyanka, anayeoka kozunaki zake mwenyewe, aliagiza mkate mmoja ili tujue ukurasa umepona.