Mstari wa Tatu

Mpishi wa shule ya wavulana ya mapadri hakuwa mtu wa kulialia. Ila kila asubuhi, wavulana wakishatoka misani na kunywa uji, alisimama mbele ya ubao wa waimbaji bora akasugua mstari wa tatu kwa kitambaa kibichi. Hapo ndipo lilipoandikwa jina la mwanawe wa pekee, aliyeiletea shule kombe la kwaya, homa ikamchukua mwaka uleule. Miaka kumi na tisa alisugua, macho yake yakizidi kuingia ukungu.

Leo alimkuta fundi wa maandishi juu ya ngazi.

"Tumechukua kombe tena, mama, na ubao umejaa," fundi alisema. "Bahati nzuri mstari wa tatu ni mtupu. Padri kasema nimwandike mshindi hapo."

"Mtupu? Una wazimu wewe? Hapo yupo mwanangu!"

Fundi alishuka, akamshika vidole, akamgusisha ubao. Mstari wa juu, rangi iliparuza. Wa chini pia. Wa tatu ulikuwa laini kama sahani.

"Nani kamfuta?" alifoka mpishi. "Nani kamfuta mwanangu?"

Fundi alikitazama tu kitambaa kibichi mkononi mwa mama yule.