Mwiko wa Kamba

Aroni alikuwa ameketi juu ya jiwe, akilifunga goti lake la kushoto kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Alikaza, akajaribu kusimama, akaketi tena na kukaza zaidi. Raba zake alikwisha kuziacha nyumbani, kwa mkewe Klaudia, maana soli zilikuwa zimelika mpaka zikawa zinateleza hata kwenye sakafu ya kanisa. Miguu mitupu angalau hushika.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na mwamba wa Kyabale ulikuwa mweusi kwa maji. Ni mwamba mrefu unaosimama juu ya ziwa, upande wa Muleba, na katikati ya ubavu wake umepita ukingo mwembamba, mahali pengine upana wa unyayo, mahali pengine hata unyayo haukai. Kulivusha kundi zima kutoka ncha moja hadi nyingine huchukua asubuhi nzima. Wazungu waliokwisha kupanda milima ya theluji walikuwa wakija kutoka kwao, wanalala Bukoba, kisha wanaletwa hapa wauvuke.

Aliyeionyesha njia hiyo ni Aroni. Baba yake alikuwa mrina asali, naye alimfundisha kila tundu la kuingiza kidole. Miaka mitatu iliyopita alikuja Rutaihwa, mwenye kampuni, akatembezwa, akachora ramani, akaipa njia jina la Kiingereza na kuisajili. Aroni akapewa kazi. Mnyauko ulikuwa umekwisha kuimaliza migomba ya kibanjani kwake, kwa hiyo alishukuru. Alishukuru sana, na hilo ndilo linaloudhi.

Kazi yake ilikuwa kuvuka wa mwisho. Najibu, kiongozi mwenye cheti, alitangulia na kamba, akaikaza kati ya chuma kilichopigiliwa mwambani huku na kingine kule, wageni wakajining'iniza kwayo wakavuka. Wakishafika, Aroni aliifungua ncha ya huku ili wenzake waivute. Popote pengine duniani mtu wa mwisho huifunga ncha ile kiunoni kwanza, ndipo avuke. Aroni aliiachia tu, akavuka kama mbuzi.

Juma lililopita, mahali anapopaita Kisigino, jiwe la ukubwa wa figa lilichomoka chini ya mguu wake. Alining'inia kwa vidole mpaka akapapasa akapata pengine pa kukanyaga. Hakumwambia mtu ila Klaudia.

"Omba kamba," Klaudia alisema. "Usiombe kingine chochote."

Sasa Rutaihwa alikuwa akipanda na wageni watatu, Najibu nyuma yao.

"Shikamoo, Ta Aroni." Rutaihwa hakuwahi kusahau kumwamkia. Heshima haikumgharimu kitu.

"Marahaba, waitu. Leo naomba nami nijifunge kamba. Pale Kisigino jiwe limetoka."

"Hili tulishalizungumza."

"Tulilizungumza kabla jiwe halijatoka."

Rutaihwa akamshika bega, akamsogeza kando. "Nisikilize. Jina lako halimo kwenye bima. Bima inataka cheti, na cheti kinataka kidato cha nne. Ukijifunga kamba yangu ukaanguka, nitaulizwa wewe ulikuwa nani. Usipojifunga, wewe ni mwanakijiji uliyekuwa unapita zako."

"Kwa hiyo nikianguka, nilikuwa napita."

"Usianguke, bojo. Mbona baba yako hakuanguka?"

"Baba alikuwa na kamba. Alisuka mwenyewe. Hakushuka hapa siku hata moja bila kamba."

Rutaihwa akatazama saa yake. "Kuna watu huko chini wanaililia kazi hii. Niwaambie waje?"

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Hawakusema umngoje mpaka lini.

Mmoja wa wageni, mama mrefu mwenye mvi aliyeitwa Helga, alikuwa akiwatazama muda wote. Alikuwa mtu wa milima tangu ujana, macho yake hayakukosa kitu. Akauliza jambo kwa Kiingereza, akimnyooshea Aroni mkono kiunoni. Rutaihwa akamjibu kwa sauti ya upole, maneno mengi, na katikati ya Kiingereza kile Aroni akalisikia neno moja la kwao: omuziro.

Helga akafungua mdomo kidogo. Akaweka mkono kifuani, akamwinamia Aroni.

Aroni akamgeukia Najibu. "Kasema nini?"

Najibu alikuwa mtu wa mjini Bukoba, ana watoto wawili na roho isiyo mbaya. Alijifanya anakagua chuma.

"Najibu. Kasema nini?"

"Kasema kila ukoo kwenu una mwiko wake. Wa kwenu ni kamba. Mtu wa ukoo wenu akiguswa na kamba mwambani, ni mkosi mpaka kwa watoto."

"Omuziro wetu ni pongo. Hatuli nyama ya pongo, basi. Mwambie."

Najibu akamtazama Rutaihwa, kisha akatazama chini. "Mzee wangu, nikimwambia, kesho mimi ndiye nitakuwa napita zangu."

Basi Aroni akajaribu mwenyewe. Kiingereza chake kilikuwa maneno manne, na kamba haikuwamo. Akamwendea Helga, akaishika kamba iliyokuwa mkononi mwake, akajipiga kiunoni, akarudia tena. Helga akatikisa kichwa kwa huruma. Akautoa mkono wa Aroni kwenye kamba taratibu, kidole kwa kidole, kama mama anayemwondoa mtoto karibu na chungu cha moto. Tusi lisingemuuma hivyo. Tusi mtu unaweza kulijibu.

"Umeona?" Rutaihwa akasema kwa Kihaya, akicheka kidogo. "Wanakuheshimu. Twende."

Wakavuka. Najibu kwanza, kisha Rutaihwa, kisha wageni mmoja mmoja, Helga nyuma yao. Kwenye Kisigino kila mmoja wao aliteleza kidogo, kamba ikawashika, wakacheka na kuendelea. Aroni alibaki peke yake ncha ya huku, akiwahesabia hatua. Chini, ziwa lilikuwa limetulia, na kati ya ziwa na mwamba kulikuwa na mawe tu.

"Fungua!" Rutaihwa aliita kutoka ng'ambo. Kisha sauti yake ikasogea mbali. Alikuwa akiwapeleka wengine kwenye chai.

Aroni akaifungua ncha. Aliishika kwa muda. Aliwaza kujifunga tu, watake wasitake, na akawaza nyumba isiyo na ndizi. Akaiachia. Ncha ikaburuzwa mbele yake juu ya ukingo, polepole, maana Helga ndiye aliyebaki kuikunja, naye alikuwa mtu wa utaratibu. Aroni akaanza kuvuka nyuma yake, tumbo kwenye mwamba, akipapasa kwa dole gumba la mguu.

Kisigino hakikumngoja. Aliweka uzito, mwamba ukamumunyuka, na mguu wa kushoto ukabaki hewani. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa ndani ya tundu alilowahi kuonyeshwa na baba yake, na tundu lilijaa maji. Mbele yake, shibiri moja tu, ncha ya kamba ilikuwa imetulia, na upande wa pili ilikuwa bado imefungwa barabara kwenye chuma.

Mwamba ulikuwa umechomoza mahali pale. Helga aliona uso wa Aroni na mkono wake wa kulia, hakuona miguu.

"Kamba," Aroni alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akanyoosha mkono. "Mama, kamba."

Neno lile Helga alilijua. Najibu alikuwa amelitamka asubuhi nzima. Uso wake ukaingiwa na aibu ya mtu aliyesahau kuvua viatu msikitini. Akaivuta kamba yote haraka, akaificha nyuma ya mgongo wake, akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa.

"Pole," akasema. "Pole sana."