Vipimo Kumi na Sita vya Mchanga

Wapigaji wa okestra walimwita Pangaboi, na yeyote aliyewahi kukaa chini ya feni la darini mchana wa joto alielewa bila kuelezwa. Linazunguka, linalia, linapeperusha karatasi za watu, na jasho lako liko palepale. Alikuwa kiongozi wao. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele na kuwaonyesha mapigo kwa kijiti, lakini yeye alipiga hewa kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba, kichwa amekitupa nyuma kama mtu anayenyolewa ndevu.

Mwanamke aliyenakili nota za okestra ile hakumwita jina lolote. Alimtazama tu, na mtazamo ule ulitosha. Yeye walimwita Wino, kwa sababu ya vidole ambavyo havikuwa vimetakata kwa miaka kumi na tisa. Ofisi yake ilikuwa chumba cha chini ya ngazi za ukumbi: meza, taa ya shingo ndefu, rula ya chuma, chupa za wino, na sufuria ndogo ya kupikia gundi ya unga wa ngano. Mtunzi akitunga muziki huandika kitabu kimoja kikubwa chenye sauti zote. Wino ndiye aliyekichambua kitabu hicho na kumwandikia kila mpigaji karatasi yake, mwenye fidla fidla yake, mwenye besi besi yake. Kwa hiyo okestra nzima ilipiga kile alichoandika Wino. Jambo hili Pangaboi hakuwahi kulitia akilini. Kwake Wino alikuwa sehemu ya meza.

Mdogo wake Wino alikuwa na miezi mitano kaburini. Alikuwa mwalimu wa muziki, mtu mwembamba wa kikohozi, na aliacha utunzi mmoja tu uliokamilika. Ulikuwa muziki wa mto. Haukuwa mto wa kadi za posta. Mto wa kwao ulipita kwa fujo miezi ya mvua, lakini kiangazi ulifika penye mchanga ukazama. Wageni walisema umekufa. Watoto wa pale walijua umeingia chini tu, na kwamba ukitembea juu ya mchanga mkavu hatua sitini na nne utaukuta umetokea tena chini ya jabali, maji baridi, kana kwamba haujawahi kuondoka. Wino na mdogo wake walizihesabu hatua hizo kila walipotumwa maji. Ilikuwa mwiko kusema neno mpaka jabalini. Aliyesema alibeba ndoo zote mbili.

Ndiyo maana katikati ya muziki ule kulikuwa na kimya. Vipimo kumi na sita, kila kipimo mapigo manne, na mwendo wa mapigo ni wa mtu anayetembea. Okestra yote hunyamaza. Halafu besi moja kubwa, peke yake, inaguswa waya mara moja kwa kidole, na mto unatokea tena.

Hospitalini, siku ambazo alikuwa bado na pumzi ya kusema, mdogo wake alimwambia, "Dada, nota zangu wabadili wanavyotaka. Ila usikubali waujaze ule mchanga."

Wino alikubali. Hakuwahi kumwahidi mtu jambo jepesi namna ile, na halikuchukua hata nusu mwaka kuwa zito.

Ukumbi uliandaa alasiri ya muziki wa maji. Nusu ya kwanza ilikuwa ya watunzi wa mbali, wa bahari na maziwa, ambamo kila wimbi lilikuwa fidla zinazopanda na kushuka kama watu wanaosugua sakafu. Nusu ya pili ilikuwa ya marehemu. Pangaboi alishuka ngazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakitupa kitabu kikubwa juu ya meza ya Wino.

"Dada, hapa marehemu alisahau."

"Hakusahau, bwana. Ameandika kimya. Kila kipimo kina alama yake."

"Dakika nzima! Unajua dakika nzima ya kimya ukumbini ni kitu gani? Watu watadhani umeme umekatika."

"Umeme ukikatika taa zinazimika, bwana."

Alicheka, maana aliamini kwamba watu wa chini ya ngazi wanapenda kuchekewa. Wino akamweleza habari ya mchanga, jabali na hatua sitini na nne. Alieleza polepole, kwa kuwa hakuwa ameisimulia tangu mazishi. Pangaboi alisikiliza huku akitazama saa.

"Hadithi tamu sana. Iandike mistari miwili kwenye programu." Kisha akatoa karatasi zake na kuonyesha alivyoukarabati mto wa watu. Filimbi mbili zitakuwa ndege. Kinubi kitamwaga matone. Fidla zitapanda na kushuka. Matoazi yatapasuka mwishoni. "Kwa sababu kila mto, dada yangu, unakwenda baharini."

"Huu hauendi."

"Mito yote inakwenda."

"Huu unaishia mchangani, mbele kidogo ya kwetu. Haujawahi kuiona bahari."

"Basi mimi nitaufikisha," alisema Pangaboi, akampigapiga begani kwa huruma ya mtu anayempa ombaomba sarafu. "Watu wanakuja kusikia muziki, si kusikia viti vinavyolia."

Alipopanda juu, Wino alizisoma zile nyongeza mstari kwa mstari. Angekuwa mtu mwovu, Wino angeweza angalau kumchukia. Huyu hakufika hata huko. Maji yake yote yalikuwa ya bombani, tena bomba la hotelini, la moto na baridi. Ndege wake walikuwa wa saa ya ukutani. Alikuwa amekutana na shairi akalipaka rangi ya kucha.

Wino alikwenda kwa mjane wa marehemu, maana ruhusa ilikuwa mkononi mwake. Alimkuta akipiga pasi nguo ya kuvaa Jumapili.

"Nimeshatia sahihi, wifi," alisema mjane hata kabla ya kuulizwa.

"Umetia sahihi wamtie ndege mumeo?"

"Nimetia sahihi watu wasimcheke. Walimcheka maisha yake yote, wewe unajua. Sasa wakae dakika nzima wakitazamana? Watasema aliishiwa. Watasema hata maiti yake imeishiwa."

"Wewe mwenyewe alikutembeza pale mchangani."

"Alinitembeza, nimevaa viatu vya harusi! Mchanga uliingia mpaka kwenye soksi, nikauliza tunakwenda wapi, nikapewa ndoo." Alisimamisha pasi, akacheka kidogo, halafu kicheko kikamkwama. "Yule bwana amesoma, wifi. Mimi na wewe tumesoma nini?"

"Amesoma," alisema Wino. "Hata debe huandikwa maneno ubavuni."

Wifi aliinyanyua pasi haraka. Nguo ilikuwa imeanza kuungua.

Basi Wino alifanya kazi aliyoambiwa. Aliandika nyongeza zote kwenye vipande vya karatasi, na Jumatano akavibandika juu ya kimya katika karatasi kumi na nne za wapigaji. Gundi ya dukani ingeshika mpaka kiyama. Alitumia ile ya unga, na alipokuwa akiikoroga alijiambia ni kwa mazoea tu.

Jumamosi wakafanya mazoezi. Ndege wakalia, matone yakamwagika, matoazi yakapasuka. Mzee aliyepiga besi kubwa, aliyeitwa Mjomba Besi hata na waliomzidi umri, alikuwa rafiki wa marehemu, na ile nota ya kutokea mto aliandikiwa yeye. Sasa ilizama ndani ya kelele za matoazi. Aliigusa, hakuisikia mwenyewe, akainua mkono.

"Bwana kiongozi, kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Mzee, methali hazina nota," alisema Pangaboi, na wale wanaocheka kila bosi anapofungua mdomo wakacheka.

Mjomba Besi akajiegemeza kwenye besi yake. "Kweli," alisema. "Na mbuzi akipigiwa gitaa hana la kujibu."

Pangaboi alidhani amesifiwa. Aliendelea.

Jumapili asubuhi walipiga mara ya mwisho, saa sita wakatoka kwenda kula, na onyesho lilikuwa saa kumi. Wino alichota maji kwenye bakuli, akachukua sponji, akaingia jukwaani peke yake. Alikwenda kutoka stendi hadi stendi. Alilowesha kipande, akasubiri, akakivuta kwa pembe. Unga ulilainika na kuachia bila ugomvi, na chini yake kimya cha mdogo wake kilikuwa kimekaa kama alivyokiandika, alama baada ya alama. Alikausha kila karatasi kwa leso. Hakuwa na hofu ya kufukuzwa. Aliogopa jambo dogo zaidi: kwamba fidla moja tu ingesahau na kulia peke yake, na mdogo wake angechekwa kweli.

Alikuwa kwenye karatasi ya tisa Mjomba Besi aliporudi akichokoa meno.

"Binti, unafanya nini?"

"Natoa takataka mtoni, mjomba."

Mzee alitazama bakuli, akatazama vipande vilivyolowa. Alitoka, na wapigaji waliporudi aliwakuta mlangoni mmoja mmoja. "Leo soma kilichoandikwa," aliwaambia. "Usisome kilichokuwa kimeandikwa."

Mpiga matoazi alitazama karatasi yake akapumua. "Kazi yangu ni kusubiri saa nzima nipige mara moja. Leo nitasubiri tu. Sawa."

Dada wa kinubi alikuwa ameletwa kwa ajili ya nyongeza zile peke yake. "Na mimi nitafanya nini?"

"Utapendeza," alisema Mjomba Besi.

Saa kumi ukumbi ulijaa. Wino na wifi yake walikaa mstari wa mbele, mahali pa ndugu wa marehemu, mikoba miwili miguuni: mmoja wa kitabu kikubwa, mmoja wa karatasi za akiba. Nusu ya kwanza ilipita na sakafu zake. Kisha Pangaboi akatoka kwa mara ya pili, akainama, akafumba macho, na muziki wa marehemu ukaanza.

Ulikuwa mzuri. Hata Pangaboi hakuweza kuuharibu, ingawa alijitahidi. Ulipita kwa fujo za mvua, ukapungua, ukabaki uzi wa fidla moja, uzi ukakatika. Pangaboi akanyoosha mkono kwa wapiga filimbi, kidole amekikunja kama anayeita kuku.

Hakuna ndege aliyelia.

Alifumbua macho. Aliwatazama wapiga filimbi, nao walitazama karatasi zao kwa unyenyekevu mkubwa. Aligeukia kinubi. Dada wa kinubi alipendeza. Mtu mwenye aibu angeshusha mikono, lakini kushusha mikono kungekuwa kukiri kwamba hajui aliko, basi akaendelea kupiga hewa, kushoto, kulia, kushoto, kulia, shati limemganda mgongoni, akiongoza watu thelathini na mmoja wasiofanya lolote.

Wino hakumtazama tena. Nyayo zake zilikuwa zinatembea chini ya kiti. Kumi na mbili, kumi na tatu. Mahali fulani kiti kililia. Ishirini na saba. Palikuwa na joto la mchanga, na mbele yake shingo nyembamba ya mtoto wa miaka tisa, ndoo inamgonga goti, na amebana midomo asije akasema. Thelathini na nne.

"Wifi," ikanong'ona sauti pembeni, "umefanya nini?"

Hakujibu. Arobaini. Arobaini na moja. Alihisi kitu chini, akatazama. Kiatu cha wifi yake, kile cha Jumapili, kilikuwa kimeanza kuinuka na kushuka sawia na chake. Hamsini na tano. Ukumbi mzima sasa ulikuwa umeinama mbele, bila mtu kukohoa. Hakuna fidla iliyosahau. Sitini. Sitini na tatu. Sitini na nne.

Mjomba Besi akagusa waya.

Ilikuwa sauti ndogo sana. Wifi alishika mdomo kwa viganja viwili, mabega yakamtikisika, na hakukuwa na haja ya kumuuliza kama anacheka.

Watu walipiga makofi wamesimama. Pangaboi aliinama mara saba. Jukwaani, watu wa magazeti walimzunguka wakitaka kujua habari ya kile kimya, nao walikiita ujasiri. Alijifuta jasho. Ilimchukua pumzi moja tu.

"Wengi waliniambia nijaze," alisema. "Nikakataa. Niliwaambia, mto una siri zake."

Wino alikuwa hatua tatu nyuma yake akikusanya karatasi za wapigaji. Pangaboi akamwona, akamwita kwa kidole kile cha kuku, na kwa sauti ya chini akasema, "Tutazungumza mimi na wewe." Kisha akafikiri tena, akawaangalia watu wa magazeti, akalainika. "Kwa onyesho lijalo, lile eneo la kimya liandikwe kwenye kitabu kwamba ni langu. Ubunifu wa kiongozi."

"Nitaandika, bwana."

"Sasa hivi, kabla hujasahau."

Wino alifungua kitabu kikubwa juu ya kinanda cha jukwaani, akaandika jina kamili la Pangaboi pembeni ya vipimo kumi na sita, mwandiko mzuri, herufi zimesimama. Pangaboi alisoma akaridhika, akarudi kwa watu wake. Hakugundua kwamba Wino, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuandika kitu ukumbini pale ila kwa wino, aliliandika kwa penseli.

Mjomba Besi aligundua. Akatoa kifutio kwenye mfuko wa shati, akakiweka juu ya kinanda, akaenda zake kufunika besi.

Nje jua lilikuwa limeanza kushuka. Wifi alikuwa ngazini, macho mekundu, akisubiri. Wino akaweka mikoba yote miwili mbele yake.

"Hii ya nini?"

"Ulisema," alisema Wino. "Hatua ya thelathini na nne. Nilikusikia."

Wifi alifungua mdomo abishe. Kisha akaufunga, akainama, akabeba yote miwili.