Salamu kwa Afande

Kibali cha kuingia gerezani nilikingoja miezi kumi na minne. Barua ya kwanza ilipotea. Ya pili nikaambiwa haina muhuri. Ya tatu ilikuwa na muhuri, ila haukuwa ule uliotakiwa. Huo ulikuwa mwaka wa 1996, nami Wangeci, mwalimu niliyetupa chaki, nilikuwa nimegeuza chumba cha wageni nyumbani kwangu Donholm, mashariki mwa Nairobi, kuwa studio ya kurekodi nyimbo za wafungwa na waliotoka kifungoni. Jirani zangu walicheka. Mfungwa ana wimbo gani? Niliwajibu kwa ukali hadi wakaacha hata kuja kuniomba chumvi.

Aliyenitia moyo ni Opicho wa Mathare, wa kwanza kurekodi kwangu baada ya kufunguliwa. Kila alipomaliza wimbo alisema, "Madam, mimi ni mwanafunzi tu. Mwenye gitaa bado ako ndani."

Huyo mwenye gitaa ni Patrobas Bwire. Kibali kilipotoka kilikuwa cha Jumamosi moja tu, saa tatu hadi saa sita. Jumatatu yake Patrobas angehamishiwa gereza la mbali, ambako ningeanza upya kuandika barua. Ilikuwa siku hiyo au basi.

Mimi na Patrobas tuliwekwa katika kanisa la gereza pamoja na Afande Gichuru, ofisa wa kutusimamia. Alinuna tangu asubuhi. Alimulika tochi ndani ya gitaa nililoleta, akazitoa betri za mashine yangu ya kurekodi moja moja na kuzinusa, sijui alitafuta nini. Niliogopa atatufukuza kabla ya muda, nikaona heri nimvike kilemba cha ukoka.

Eastlands nzima inajua dawa ya mwenye baa mkali: mtaje kwenye wimbo. Akisikia jina lake gitaa likiwa limekolea, atatabasamu, soda zitakuja mezani, na saa ya kufunga ataisahau mwenyewe. Basi Afande alipogeuka kufunga mlango, nikamnong'oneza Patrobas, "Msalimie Afande. Kila wimbo."

Alinitazama. "Kila wimbo, madam?"

"Kila wimbo."

Akapiga. Vidole viwili tu, na kanisa likajaa. Aliimba kuhusu mama yake, kuhusu mvua ya Busia, kuhusu mke aliyechoka kungoja, nami nililia bila aibu. Na katikati ya kila wimbo, kama nilivyoagiza, "Afande Gichuru, baba yetu, salamu!" Afande aliinamisha kichwa. Nikadhani anaona haya.

Wimbo wa sita ulipokwisha alinyoosha mkono. "Leta hiyo kaseti."

"Kwani haikukupendeza, Afande? Umesalimiwa vizuri."

"Mara sita. Nimehesabu. Wakubwa wangu wakisikia, wataniuliza huyu mfungwa nimemfanyia nini ndio aniite baba. Unataka nipelekwe Lodwar, jangwani?"

Aliuvuta utepe wote, akauviringisha na kuutia mfukoni. Nilimwomba turudie wimbo mmoja tu, bila jina la mtu yeyote. Akanionyesha saa yake. Nilipaza sauti, nikagonga benchi, nikamwita jina ambalo mwalimu hapaswi kulitamka. Hasira yangu haikuwa kwake pekee. Miezi kumi na minne, na mharibifu alikuwa mimi na ujanja wangu wa baa.

Patrobas alikuwa akilifuta gitaa kwa shati lake, taratibu, kabla ya kunirudishia.

"Ulijua atakasirika?" nilimuuliza.

"Nilijua, madam. Huku ndani ukitaja jina la mtu, umemshtaki."

"Sasa mbona hukukataa?"

Afande alikuwa amefungua mlango. Patrobas akasimama, akainua mikono apekuliwe kabla hajaambiwa.

"Miaka tisa, madam," alisema, "sijakatalia mtu kitu."